Mawe ya Nani?

Nairobi, nyumba ya mtu wa kawaida hubomolewa mara tatu.

Mara ya kwanza ni tingatinga. Hiyo ndiyo mnayoiona kwenye habari: alfajiri, polisi wamejipanga, mama amebeba godoro kichwani, mtoto ameshika birika. Haichukui muda. Ukuta uliojengwa kwa miaka sita unalala chini kabla mtoto hajamaliza kufunga kamba za viatu.

Mara ya pili ni wasee wa vyuma. Hawa wanafika vumbi likiwa bado hewani, na nyundo kubwa na misumeno. Wanavunja nguzo moja moja kutoa vyuma vilivyo ndani, wanavinyoosha kwa kuvigonga juu ya jiwe, wanavifunga kwa mafungu na kuvipeleka kwa mwenye mizani. Ikifika saa nane mchana, mabati, fremu za madirisha, nyaya za stima na hata bawaba za milango zimeshapata wenyewe wapya.

Mara ya tatu ni wanawake wa kokoto. Mathe wangu ni mmoja wao.

Baada ya hao watatu hubaki kitu ambacho hakuna anayekitaka: vipande vya plasta, mabonge ya zege yasiyo na chuma, vumbi, vigae, mawe yaliyopasuka vibaya. Vifusi. Mwenye lori akilipwa kuviondoa, anavimwaga kwenye timbo la zamani au kwenye bonde lolote ambalo halina mlinzi. Asipolipwa, vinabaki hapo hapo, mvua inavisukuma hadi mtoni, na mto unazidi kuwa mwembamba. Mwaka unaofuata mto huo huo unafurika, na watu wanaambiwa wamejenga karibu sana na maji.

Mimi nafanya kazi na hicho kisichotakiwa. Tuko kikundi cha vijana, tunaponda vifusi na kufyatua matofali. Nikiwaambia watu, wengi wanafurahi sana. Wanasema wow, mazingira, kijani, mmejipanga. Wananiuliza kama tuna ukurasa wa Instagram. Ni wachache wanaouliza swali ambalo sisi tuliulizwa wiki ya kwanza, na ambalo nimeamua kuliandika hapa.

*

Kwanza nieleze kazi ya mathe, kwa sababu mimi nilijifunza zege kwake kabla sijajifunza darasani.

Ana nyundo mbili, moja nzito na moja ndogo. Ana pete ya mpira aliyoikata kwenye gurudumu la gari, ya kulizunguka jiwe lisimrukie usoni. Anakaa chini ya mwavuli ulioshonwa kwa magunia, miguu imenyooka, na anagonga kuanzia asubuhi. Anauza kwa debe au kwa wilbaro. Wateja wake ni mafundi wa mijengo midogo, wale wanaoongeza chumba kimoja nyuma ya nyumba na hawawezi kununua lori zima.

Nikiwa shule ya msingi nilikuwa nikimsaidia wikendi. Siku moja aliniwekea vipande viwili mbele: kimoja jiwe la timbo, kingine bonge la zege kutoka kwa jengo lililovunjwa. Akaniambia nigonge. Jiwe likapasuka safi, upande mmoja kama limekatwa. Zege likamomonyoka, likaacha mchanga mkononi mwangu.

"Umeona?" akasema. "Jiwe ni jiwe. Lakini hii ilipikwa na mtu, kwa hivyo inakuonyesha mtu."

Mathe anaweza kulisoma zege. Anashika kipande, anakikwangua kwa ukucha, anakwambia kama fundi alitia simiti ya kutosha au alizidisha mchanga. Akiona kokoto iliyojaa udongo anajua haikuoshwa. Akiona matundu mengi anajua maji yalizidi au mchanganyiko haukushindiliwa. Mwezi wa nne mwaka 2016, jengo la orofa lilipoanguka Huruma usiku wa mvua na kuua karibu watu 50, mtaa mzima ulikuwa ukiongea kuhusu rushwa na kanjo na mwenye jengo. Mathe alikuwa akiongea kuhusu simiti. Alisema kuna nyumba ambazo zinaanguka siku zinapojengwa, ila zinakawia kufika chini.

Baadaye nilipata nafasi katika chuo cha ufundi, nikasomea ujenzi. Kule nikafundishwa majina rasmi ya mambo ambayo mathe aliyajua kwa ukucha. Nikafundishwa pia kwamba ili kupata simiti, chokaa ya mawe huchomwa kwenye tanuri la joto la karibu nyuzi 1,450, na kwamba viwanda vya simiti duniani vinatoa takriban asilimia 8 ya hewa yote ya kaboni ambayo binadamu wanatoa. Nikafundishwa kwamba mchanga wa mto si wa bure. Watu wa Makueni wanalijua hilo vizuri. Kaunti yao ilitunga sheria ya kulinda mchanga mwaka 2015, baada ya mito ya mchanga kuchimbwa hadi maji yakakosa pa kujificha wakati wa kiangazi.

Kwa hivyo ukiniambia kuna mlima wa zege lililovunjwa katikati ya mji, na kwamba lori linakuja kutoka mbali kuleta mchanga na kokoto mpya kwa mjengo ulio mita mia mbili kutoka hapo, mimi siwezi kutulia. Hiyo si hesabu.

*

Kikundi chetu kilianza baada ya mvua za 2024. Mnazikumbuka. Zaidi ya watu 200 walikufa nchini, na mito ya Nairobi iliingia vyumbani usiku watu wakiwa wamelala. Kisha mwezi wa tano ikatoka amri: wote walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke. Mathare, Mukuru na kwingineko, tingatinga zilikuja wakati watu walikuwa bado wanaanika nguo walizookoa kwenye maji.

Mtaani kwetu ilikuwa vivyo hivyo. Nyumba nyingi zilikuwa za mabati, na mabati huondoka na mwenyewe au na mwizi. Lakini kulikuwa na ploti kadhaa za mawe, vyumba kumi kumi na viwili, sakafu ya zege na choo cha nje. Hizo ziliacha vifusi vya urefu wa mtu.

Tulikuwa wanane. Mimi nilikuwa na diploma na sina kazi. Wawili walikuwa wasee wa vyuma, waliochoka kukimbizana na kila mtu. Mmoja alikuwa fundi wa tiles. Wengine walikuwa vijana wa mtaa tu, wenye nguvu na njaa. Mashine ya mkono ya kufyatulia tuliazima kwa kikundi kingine cha vijana, tukikubaliana kuwalipa tukianza kuuza.

Kazi yenyewe iko hivi. Kwanza unachambua. Mbao, kioo, karatasi za simiti, nailoni, udongo, rangi ya mafuta, kila kitu kisicho zege au jiwe kinatoka. Hapa ndipo siku nyingi zinapoishia, na hapa ndipo usipovumilia tofali lako litakuja kukuaibisha. Kisha unaponda. Wenye pesa wana mashine. Sisi tulikuwa na mathe na wenzake watano, tuliowalipa kwa wilbaro. Kisha unachekecha kwa wavu wa aina mbili. Kinachopita kwenye wavu mdogo kinachukua nafasi ya mchanga. Kinachobaki kati ya nyavu hizo mbili kinachukua nafasi ya kokoto. Kinachobaki juu kinarudi chini ya nyundo.

Zege lililopondwa lina kiu. Kila punje bado imevaa simiti yake ya zamani, na simiti hiyo imejaa vitundu vinavyokunywa maji. Ukilichanganya likiwa kavu, litanyang'anya simiti mpya maji yake na tofali litabaki unga. Kwa hivyo unalilowesha usiku kucha, unaliacha lichuje, halafu ndipo unachanganya. Sisi tunatumia karai moja ya simiti kwa karai saba za vifusi. Unashindilia kwenye mashine, unatoa, unapanga kivulini, unafunika kwa magunia na kumwagilia asubuhi na jioni kwa siku saba. Kisha unangoja hadi siku ya 28, ambayo ndiyo wahandisi hupimia nguvu ya zege. Huwezi kuiharakisha. Wateja wanaita kila siku: tayari? tayari? Wewe unasema bado.

Tulipeleka matofali matatu katika maabara ya chuo nilichosomea. Mwalimu aliyaweka kwenye mashine ya kubana hadi yakavunjika, akaangalia namba, akaangalia vipande. Akasema kwa ukuta wa ndani, kwa ua, kwa choo, kwa njia ya kupita watu, yako sawa. Kwa kubeba orofa, usithubutu. Alilisema kwa ukali, na nilimwelewa. Vifusi vya nyumba mbovu vina ubovu wake ndani, na Nairobi haihitaji Huruma nyingine iliyopakwa rangi ya kijani.

Akaongeza jambo jingine, ambalo watu wanaopenda hadithi za mazingira hawapendi kulisikia. Simiti ya zamani hairudi. Ilishafanya kazi yake ya kushika, mara moja tu, na ukiiponda inabaki mchanga ghali. Ili kufanya tofali jipya lazima ununue simiti mpya. Kwa hivyo tunaokoa mchanga, tunaokoa kokoto, tunaokoa safari za lori, tunaokoa bonde lisigeuzwe jaa. Hewa ya kaboni tunaipunguza kidogo tu. Tangu siku hiyo sijawahi kumwambia mteja kwamba tofali letu linaokoa dunia. Namwambia ni rahisi kuliko lile lingine na halitoki mbali.

*

Wiki ya kwanza, tukiwa tunapakia mkokoteni, alikuja mama mmoja wa umri wa shosho yangu. Alikuwa amevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali. Alisimama, akatuangalia, akangoja mpaka tukamwona.

"Vijana, hamjambo?"

"Hatujambo, shosho. Shikamoo."

"Marahaba. Hayo mawe mnapeleka wapi?"

"Tunaenda kutengeneza matofali, shosho."

"Ni vizuri." Akanyamaza kidogo. "Ya nani?"

Tulidhani anauliza matofali ni ya nani. Mmoja wetu akaanza kumweleza habari za kikundi. Akamkatiza kwa mkono.

"Nauliza mawe. Mawe ni ya nani?"

Akanyoosha kidole. Ile pembe ilikuwa chumba cha kwanza, akasema, alichojenga mwaka ambao chama kilimfikia. Zile za pili ni za mkopo. Sakafu ile yenye rangi nyekundu, alimlipa fundi kwa mafungu miezi minne. Mawe yalitoka Ndarugo, lori baada ya lori, na risiti anazo kwenye kikopo cha biskuti ambacho ndicho kitu cha kwanza alichobeba siku ile. Alikuwa na vyumba kumi. Sasa anaishi kwa binti yake, analala na wajukuu.

"Waliniambia ardhi si yangu," akasema. "Sawa. Ni ya mto. Nimesikia. Lakini hakuna aliyeniambia mawe si yangu."

Hakupiga kelele. Alituaga, akaenda zake. Mkokoteni ulikuwa nusu.

Usiku ule tulikaa chini kuongea, na haikuwa maongezi mepesi. Wa kwanza alisema tukianza kulipa kila mtu hatutapata hata ya chai. Vifusi ni takataka, na takataka ni ya aliyeiokota. Wa pili, ambaye alilelewa katika ploti kama ile, alikuwa na hasira ya aina nyingine. Aliuliza tangu lini tunamlilia mwenye ploti. Huyo shosho, akasema, alikuwa anatoza kodi kila tarehe tano, choo kimoja vyumba kumi, maji kwa mtungi, na ukichelewa siku tatu anaweka kufuli. Mpangaji alipoteza godoro, vitabu vya watoto, kazi ya kibarua ya wiki nzima. Mpangaji hana mawe ya kudai. Mkimlipa mwenye mawe, aliyekuwa analala ndani ya hayo mawe mtamlipa nini?

Sikuwa na jibu. Bado nafikiri lile lilikuwa neno zito kuliko yote yaliyosemwa usiku ule.

Mathe alikuwa akitusikiliza huku akipepeta mchele wa kesho. Akasema, bila kuinua macho: "Kokoto yangu nikiiacha barabarani usiku kucha, asubuhi naipata. Unajua ni kwa nini? Si kwamba Nairobi haina wezi. Ni kwamba ile rundo inaonekana ilipangwa na mkono wa mtu. Mtu akiiona anajua kuna mwenyewe amelala mahali. Sasa tingatinga kazi yake ni kufanya rundo lisionekane lina mwenyewe."

Tulikubaliana hivi. Kila matofali matano yanayotoka kwenye vifusi vya mtu, moja ni lake, kama anajulikana na anapatikana. Na watu wa kwanza kuitwa kazini kuchambua, kuponda na kumwagilia ni wale waliokuwa wapangaji pale. Malipo ni ya siku hiyo hiyo, kwa M-Pesa au mkononi. Wawili kati ya wanane hawakukubali. Waliondoka kwa amani, na siwalaumu. Mmoja ana watoto watatu na hesabu yake ilikuwa sahihi. Hadi leo faida yetu ni ndogo. Kuna miezi tunagawana pesa ambayo hata nauli inaicheka.

Shosho alichukua matofali yake yote siku ya 28. Alikuja na mpwa wake mwenye pikapu. Alihesabu moja moja, akagonga machache kwa pete yake ya kidole kusikia yanalia vipi, akakataa mawili. Tukambadilishia.

*

Wenzetu duniani wamepitia haya. Tarehe 12 mwezi wa tano mwaka 2008, tetemeko liliupiga mkoa wa Sichuan, China, na karibu watu 70,000 wakafa. Msanifu majengo mmoja wa huko, Liu Jiakun, alichukua vifusi vya nyumba zilizoanguka, akavichanganya na mabua ya ngano na simiti, akafyatua tofali alilolipa jina la kuzaliwa upya. Alilibuni liwe rahisi, ili watu waweze kulitengeneza wenyewe kwa mashine ndogo na vitu vilivyo karibu. Mwaka 2025 alipewa tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote kwa wasanifu majengo. Kule Gaza, Majd Mashharawi, mhandisi kijana, alitengeneza tofali la majivu na vifusi wakati simiti ilikuwa shida kuingia. Na Berlin, baada ya vita vilivyoisha mwaka 1945, wanawake walipanga foleni na ndoo wakisafisha matofali ya mji wao moja moja. Vifusi vilivyobaki vikarundikwa hadi vikawa kilima, Teufelsberg, ambacho kipo mpaka leo na watu hupanda kuangalia machweo.

Nilipokuwa nasoma habari hizi nilijivunia. Nikaona tuko katika ukoo mzuri. Lakini kuna tofauti inayonisumbua. Tetemeko halina saini. Vifusi vya Nairobi vina saini. Kuna ofisi iliyoandika barua, kuna aliyeweka muhuri, kuna X nyekundu iliyochorwa ukutani na mtu mwenye kopo la rangi. Kariobangi mwezi wa tano 2020, watu wakiwa katikati ya kafyu ya korona. Mukuru kwa Njenga mwezi wa kumi na moja 2021, kwa ajili ya barabara. Mavoko mwezi wa kumi 2023, nyumba za mawe zilizokamilika, nyingine za orofa, katika ardhi ambayo mahakama ilisema ni ya kampuni ya simiti. Unaweza kubishana kuhusu kila moja. Kuna kesi ambazo mwenye ardhi alikuwa na haki. Kuna mto ambao kweli unahitaji nafasi yake. Mimi mwenyewe nimeona maji ya 2024, sihitaji kuelezwa.

Ninachoogopa ni kingine. Naogopa siku ambayo kampuni yenye mashine kubwa ya kupondea itaingia mkataba, na tingatinga na mashine ya kupondea zitakuja kwenye lori moja. Asubuhi nyumba, jioni kokoto, baada ya mwezi tofali lenye jani la kijani kwenye karatasi yake. Tangu 2022 tuna sheria ya usimamizi endelevu wa taka, na kila mtu sasa anaongea habari za taka kuwa mali. Mimi nakubali, taka ni mali. Lakini kama taka ni mali, basi ilikuwa mali ya mtu kabla haijaitwa taka, na yule anayepata nguvu ya kubadilisha jina lake ndiye anayeondoka nayo.

Ndiyo maana sipendi tena kusikia kazi yetu ikiitwa kusafisha. Tunachofanya ni kizuri, na ningependa vijana wengi zaidi wakifanye. Ila kisitumike kuufanya ubomoaji uonekane nadhifu.

*

Njia bora ya kutumia tena nyumba ni kutoivunja kwa tingatinga. Hili nalisema kama fundi. Jiwe la Ndarugo likitolewa ukutani kwa tindo na nyundo, likiwa zima, linauzwa tena kama jiwe, na halihitaji hata kijiko cha simiti kulifufua. Likishapigwa na tingatinga ni kifusi, na kifusi kinataka maji, simiti, siku 28 na mgongo wa mathe. Mlango ukitolewa kwa bisibisi ni mlango. Mabati yakitolewa kwa kung'oa misumari ni paa.

Kinachotakiwa ni muda. Na muda upo kisheria. Sheria ya Ardhi, jinsi ilivyorekebishwa mwaka 2016, inataka mtu apewe ilani ya miezi mitatu kabla hajafurushwa. Miezi mitatu inatosha kuishusha ploti ya vyumba kumi jiwe kwa jiwe na kupaacha mahali pake pakiwa safi kuliko tingatinga yoyote inavyoweza. Inatosha mpangaji kutafuta chumba na mtoto kumaliza muhula. Ilani ya saa chache inatosha kubeba kikopo cha risiti tu.

Kwa hivyo siku hizi tunafanya kazi ya pili, ambayo haina picha nzuri za mtandaoni. Tukisikia kuna nyumba imechorwa X, au barua imefika, tunaenda na tindo zetu kabla ya siku yenyewe. Tunamuuliza mwenyewe kama anataka tumsaidie kushusha. Wengine wanatufukuza, na nawaelewa. Ukikubali kutoa jiwe la kwanza ni kama umekubali kuhama, na wengi bado wana kesi mahakamani au tumaini kwa Mungu. Wengine wanasema ngojeni kwanza. Tunangoja. Mara mbili tumengoja mpaka tingatinga ikafika kabla yetu.

Mara moja tulifaulu. Ilikuwa familia ya watu watano, baba ni dereva wa matatu, barabara inapanuliwa. Tulishusha kuta kwa siku tisa, wapangaji wao wawili wakilipwa kibarua pamoja nasi. Baba alikuwa akirudi usiku baada ya shifti na kukwangua simiti kavu kwenye mawe kwa kisu cha jikoni, ingawa tulimwambia si lazima. Mtoto wao wa darasa la nne aliyahesabu kwa chaki. Hakukuwa na kifusi cha kutosha kutufyatulia hata matofali mia, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yetu bora mwaka huo.

Mawe hayo yako kwa shangazi wa mtoto, Kayole, yamepangwa nyuma ya nyumba na kufunikwa kwa turubai. Nilipita kuyaona juzi. Yako salama. Ardhi ya kuyajengea bado hawajapata.